Mbili Ndani, Themanini na Nane Nje

“Hilo daftari si lako, Mama.”

“Si langu? Limeandikwa na nani, na shangazi yako?”

“Limeandikwa saa za kazi, kwa kalamu ya kiwanda.”

“Basi kawarudishie kalamu. Iko hapo kwenye kikombe, wino umekauka.”

Tulikuwa tumeanza kabla ya chai, na sasa chai ilikuwa imepoa. Binti yangu alisimama mlangoni mwa jikoni amevaa ovaroli ya bluu na viatu vya kazi, mkoba begani. Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo zamu yao huisha saa saba mchana, naye alikuwa ameshachelewa kazini. Mimi nilisimama mbele ya kabati, mgongo wangu umeziba droo ya juu kama kipa. Ndani ya droo, chini ya vitambaa vya meza, kulikuwa na daftari jeusi lenye kona za kitambaa chekundu. Analijua tangu utotoni. Kurasa za mwanzo zina maua aliyoyachora pembeni siku nilizomwacha nalo peke yake.

“Zimerudi kumi na moja,” akasema. “Transfoma kumi na moja, Mama, na hakuna hata moja iliyomaliza mwaka. Ya mwisho ni ya zahanati. Kina mama wamezalishwa kwa mwanga wa tochi siku mbili.”

“Kuna aliyekufa?”

“Hakuna.”

“Afadhali.”

“Afadhali? Vyeti vyote kumi na moja vya majaribio vina saini yangu! Jumatatu wakubwa wanakaa. Wasipojua ubovu uko wapi, wanafunga kitengo, wanaagiza transfoma zilizokwisha kutengenezwa kutoka nje. Na wakiuliza ni nani aliyepitisha mbovu, jina litakalosomwa ni langu. Sijui kama unanielewa.”

“Nakuelewa. Nilikwambia usiende kufanya kazi kule.”

“Hilo ndilo jibu lako?”

“Ndilo nililonalo.”

Mume wangu alikuwa mezani, anabandika utepe mweusi wa umeme kwenye birika. Hiyo ndiyo kazi yake ya kila Jumamosi. Birika alilinunua binti yetu, zawadi, na linachemsha vizuri, sina ugomvi nalo. Lakini ubavuni limeandikwa jina la kiwanda chetu, kwa herufi zilezile, na mume wangu hawezi kunywa chai akilitazama. Basi analifunika. Mvuke unaubandua utepe, yeye anabandika mwingine.

Zamani usingeweza kulikwepa jina hilo. Swichi ya mlangoni, soketi ya ukutani, feni ya darini, mota ya pampu, transfoma juu ya nguzo, vyote vilitoka kwetu. Mwanangu huyu alijifunzia kusoma kwenye swichi ya chumbani. Alipanda juu ya kigoda, akaweka kidole chini ya kila herufi, akatamka, akawasha taa, akazima. Neno la kwanza alilosoma halikuwa mama. Nilicheka, na nikaona wivu pia.

Tulikuwa watu elfu tatu. King'ora kilipolia, hata wasiofanya kazi kwetu walirekebisha saa zao.

Watu huniuliza kiwanda kile kilikufaje, kwa sauti ya kuulizia habari za mgonjwa. Huwajibu kwamba kilikufa polepole, mikononi mwa watu waliovaa tai. Waliona transfoma hazina mvuto. Wakaanza majokofu, wakahamia televisheni, kisha wakajenga jengo la vioo la ofisi. Sisi tulikuwa tunatengeneza mota za lifti, na wao wakaweka lifti ya watu wengine. Siku ile nilimwambia mume wangu kwamba tumekwisha. Akasema nina mdomo mbaya. Baadaye zabuni ya shirika la umeme ilikwenda nje miaka mitatu mfululizo, na tangazo la kufungwa likabandikwa ubaoni chini ya tangazo la mwavuli uliopotea. Wakakikata kama wanavyokata nyama buchani. Mota zilikwenda kwa watu wa pampu. Swichi na soketi zilinunuliwa na kampuni ya ng'ambo iliyozifunga mwezi wa pili tu. Transfoma zikachukuliwa na hawa wa binti yangu, na majengo yakaenda kwa mwenye maghala ya magodoro. Mwishoni likabaki jina peke yake, halina hata msumari wa kulishikilia, likanunuliwa na mfanyabiashara wa mabirika.

Na mimi bado naamka saa kumi na mbili kasorobo. Nikipita karibu na fundi anayepaka milango vanishi, harufu ikinifika puani husimama katikati ya njia kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Chumba chetu cha kusukia koili, pale waya wa shaba ulipozungushwa, kilinuka hivyo, vanishi ya moto na karatasi iliyokaushwa kwenye tanuri. Tulikuwa wanawake thelathini na wawili, mimi msimamizi wao. Waliniita Mama Rula. Nilikuwa na stashahada ya umeme ya chuo cha ufundi na rula ya chuma, na niliheshimiwa zaidi kwa ile rula.

“Mama yake,” mume wangu akasema bila kuinua kichwa, “mpe mtoto daftari.”

“Wewe bandika utepe.”

“Nabandika. Mpe.”

“Walinunua kila kitu, hata vikombe vya chai walivihesabu. Kama wanataka na kilichomo kichwani mwangu, waje wenyewe waniombe.”

“Mimi ndiye ninayekuomba!” binti yangu akasema.

“Wewe ni mtu wao.”

Hapo nilipita kiasi, nikajua mara neno liliponitoka. Binti yangu alinitazama, kisha akaitazama sakafu. Mume wangu akauweka chini ule utepe.

Huyu mume wangu anaitwa Sikio. Jina hilo alipewa kiwandani na limemganda hadi mtaani. Alikuwa mpimaji wa mwisho. Transfoma ikishapita mitambo yote ya kupimia, iliwashwa ikaachwa ivume, naye alikuja na kijiti chake cha mti mgumu, urefu wa mkono. Ncha moja aliiweka kwenye tangi, nyingine sikioni, akafumba macho. Wageni walicheka. Lakini Sikio akisema hii haitoki, haikutoka, hata mitambo ikisema imepita. Nilimpendea hapo. Mwanamume anayeweza kusimama kimya robo saa anasikiliza si wa kumwacha apite. Baadaye nikagundua kwamba nyumbani hasikilizi hata kidogo, lakini nilikuwa nimeshaolewa.

“Mimi hata sielewi mnachogombania,” akasema. “Humo kuna kitu gani wasichonacho? Mizunguko, wana michoro. Na zile mbili si uliwaandikia siku ya makabidhiano?”

Nikaiegemea droo zaidi.

“Si uliwaandikia?”

Binti yangu aliinua macho. “Mbili gani, Baba?”

“Zile mbili. Mbili ndani, themanini na nane nje. Kila msukaji anazijua.”

“Mimi sizijui.”

“Basi muulize mama yako. Yeye ndiye…” Alinitazama kama anavyotazama transfoma, uso umeinama upande.

Nilivuta kiti nikakaa. Droo ikabaki bila kipa.

Nikamweleza binti yangu, yeye amesimama, na ninaeleza hapa kama nilivyomweleza. Miaka mingi nyuma kiwanda kilibadilisha mwuzaji wa mabati ya kutengenezea kiini cha transfoma, lile bonge la chuma ambalo koili zinavishwa juu yake. Mabati mapya yalikuwa rahisi, na yalikuwa duni. Transfoma zikaanza kupata moto na kuvuma vibaya. Sikio akaweka kijiti, akasema, hii ina kifua. Tukajaribu, tukaongeza mizunguko miwili ya waya kwenye koili ya ndani. Ukiongeza miwili ndani lazima uongeze themanini na nane kwenye ya nje, la sivyo umeme hautoki sawa. Mchoro ulisema arobaini na sita, sisi tukasuka arobaini na nane. Sikio akasikiliza tena, akasema imepona. Tukapeleka habari ofisi ya michoro.

Mkuu wa ofisi ile tulimwita Mzee Muhuri. Hakuna mchoro uliobadilika bila muhuri, na muhuri haukugongwa bila idhini ya mhandisi mkuu, na mhandisi mkuu ndiye aliyeyapitisha yale mabati. Mchoro ukibadilika, kuna mtu angeuliza kwa nini. Mzee Muhuri akanirudishia karatasi yangu. “Mama Rula,” akasema, “sukeni mnavyojua ninyi. Mchoro uacheni ulale.”

Ukalala miaka kumi na tisa. Kila msichana aliyeajiriwa chumbani kwetu, kabla hajaonyeshwa choo kilipo, alifundishwa kwanza, mbili ndani, themanini na nane nje. Walikuwa wakiimba huku mashine zinazunguka. Tulijiona wajanja. Wakubwa wa jengo la vioo waliuza transfoma zetu kwa kujidai, na hakuna hata mmoja wao aliyejua zilivyosukwa. Kwenye daftari hili niliandika kila kipimo halisi, na kwenye michoro hakukuwa na kitu.

“Kwa hiyo mchoro ninaoufuata…” binti yangu akasema.

“Una makosa.”

“Lakini vipimo vyote vinapita! Uwiano uko sawasawa. Moto umezidi kidogo tu, na bado uko ndani ya kiwango.”

“Pale kwenye majaribio, ndiyo. Ikifika nguzoni umeme ukapanda kidogo, inajipika polepole. Mabati yale bado mnayo?”

“Walinunua rundo lote lililobaki.”

“Basi.”

“Na siku ya makabidhiano?”

Hilo ndilo nililokuwa nimeliziba na mgongo asubuhi nzima.

Siku ya makabidhiano nilikwenda na daftari kwenye mkoba. Nilikuwa nimenuia kulitoa, naapa. Nilivaa blauzi ya hariri. Kwenye korido nikapishana na wanaume wanne wanaisukuma mashine yangu kwenye toroli, mashine niliyokalia miaka ishirini na sita, na kihesabu chake cha mizunguko kinaning'inia kwa waya mmoja. Nilijibanza ukutani wapite. Hakuna aliyenisalimu. Ofisini kulikuwa na kijana mwenye fomu. Akauliza, michoro ndiyo hii? Nikasema ndiyo. Imekamilika? Imekamilika. Saini hapa, mama. Hakuinua uso hata mara moja. Kama angeinua, ningemwambia. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na sina hakika.

“Ulisaini,” binti yangu akasema.

“Nilisaini.”

“Ukijua.”

“Nikijua.”

“Kwa nini, Mama?”

Nikamwambia ukweli, kwa kuwa uongo ulikuwa umeshaisha. “Nilitaka wakwame. Nilitaka zivume vibaya, wahangaike, halafu waje wagonge mlango huu waseme, mama, tumeshindwa, njoo. Nilikuwa nimeshapanga hata nguo ya kuvaa.”

Miaka miwili nilisubiri mlango ugongwe. Aliyekuja ni mwanangu, na yeye hagongi, ana ufunguo wake.

“Miezi kumi na minne nafanya kazi pale,” akasema taratibu. “Kila jioni narudi hapa nakula na wewe. Nilikwambia ya kwanza iliporudi. Nilikwambia ya tano. Ulikuwa unakatakata vitunguu.”

“Nakumbuka.”

“Uliniuliza kama nimelipa maji.”

Mume wangu alisimama, kiti kikakwaruza sakafu. “Ile transfoma ya pale kona,” akaniambia. “Waliyoibadilisha mwaka jana. Nilikwambia jioni ya kwanza kabisa kwamba ina kifua. Ukaniambia ni mabati.”

“Ni mabati.”

“Ni mabati na wewe.”

Akatoka jikoni. Tumeishi pamoja miaka thelathini na mmoja, na sikumbuki kama aliwahi kunipa kisogo hivyo. Nilimsikia chumbani anafungua kabati, anasukuma masanduku. Niliwaza labda anafunga mizigo, halafu nikawaza, aende wapi, hajui hata soksi zake ziko wapi.

Binti yangu akavuta kiti, akakaa mbele yangu. Nilingoja anipige maneno. Ningeyapokea. Badala yake akaushika ule utepe mweusi, akaanza kuukunjua na kuukunja.

“Sikiliza,” akasema. “Nipe daftari. Nitakwenda nalo sasa hivi. Nitasema nimelikuta kwenye makaratasi ya zamani, ndani ya boksi la ghalani. Nitasema hakuna aliyejua. Watarekebisha, kitengo kitabaki, na wewe hutatajwa. Hakuna haja ya mtu kujua habari za saini.”

“Na vyeti vyako?”

“Nitapewa onyo. Onyo si mwisho wa dunia.”

“Onyo kwamba hukupima vizuri.”

“Mama, ni karatasi tu.”

Nilimtazama mwanangu. Ana vidole vya baba yake, virefu, na kovu la waya wa shaba kwenye dole gumba kama langu. Alikuwa tayari kubeba onyo lenye jina lake ili mimi nibaki na heshima ya mtu ambaye hakuna anayemkumbuka. Na aliisema kwa upole, kama mtu anayepanga nani ataosha vyombo. Nikamwona Mzee Muhuri ananirudishia karatasi yangu. Mchoro uacheni ulale. Hivyo ndivyo tulivyofanya mambo pale. Tulilijua jambo, tukalificha vizuri, kila mtu akamhurumia mwenzake, na transfoma zikaendelea kutoka langoni. Nilikuwa nakililia kiwanda kile miaka miwili, nami nilikuwa nacho humu jikoni, kinafanya kazi kama kawaida.

Nikavuta droo. Nikaondoa vitambaa vya meza, nikatoa daftari.

“Nipe,” akasema, akanyoosha mkono.

“Sikupi. Nakwenda nalo mwenyewe. Saa ngapi sasa?”

“Saa nne. Mama, sikiliza…”

“Meneja yupo leo?”

“Yupo mpaka saa saba, lakini…”

“Basi acha kuongea, twende.”

Mume wangu alikuwa sebuleni, amevaa koti lake la kijivu la kiwandani, lililobana tumbo. Mkononi ameshika kijiti. Kumbe ndicho alichokuwa anakitafuta. Alifungua mlango, akaushikilia mpaka nikapita.

Ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Kwa miaka miwili nilikuwa nazungukia barabara ya juu ili nisilione lango. Siku ile tulipita mbele yake. Herufi za jina walikuwa wamezing'oa, lakini ukuta uliokuwa nyuma yake haukuwa umepigwa jua, kwa hiyo jina lilikuwa bado linasomeka, limekolea kidogo kuliko ukuta uliobaki. Ndani, mahali pa mota palijaa magodoro hadi darini, yamefungwa kwa nailoni. Mlinzi alikuwa mgeni kwangu. Nikataka kumwambia asimame pale kwenye kivuli cha nguzo ya pili, ndipo panapopita upepo. Sikumwambia.

Jengo la transfoma ndilo pekee lenye sauti. Harufu ilinifika kabla ya mlango. Nilisimama, binti yangu akanigonga mgongoni.

“Mama?”

“Natembea.”

Vitu vilikuwa vichache, na sakafu ilionyesha alama za mashine zilizong'olewa. Wasukaji walikuwa watano, hakuna hata mmoja wa zamani. Mashine yangu ilikuwa dirishani. Walikuwa wameipaka rangi ya machungwa, rangi mbaya kabisa, na dada mmoja mwenye kilemba alikuwa anaisafisha kwa kitambaa. Nilipitisha mkono chini ya meza yake bila hata kumsalimu. Ndoana ndogo niliyoisokota kwa waya wa shaba ili nining'inize mkasi ilikuwepo. Yule dada alikuwa ametundika mkasi wake pale.

“Nani aliweka hii?” nikamwuliza.

“Sijui, mama. Niliikuta. Inasaidia sana.”

Meneja alikuja haraka akirekebisha kola, kijana mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mchoro wa transfoma ya nguzo uko wapi?”

Alimtazama binti yangu. Binti yangu akautoa kwenye meza ya karatasi, akaukunjua, akauwekea spana kila kona usijikunje. Palikuwa na muhuri wa Mzee Muhuri, wa zambarau, safi kama wa jana. Nikachukua kalamu nyekundu kutoka mfuko wa ovaroli ya mwanangu. Nikakata arobaini na sita, nikaandika arobaini na nane. Nikakata elfu mbili na ishirini na nne, nikaandika elfu mbili mia moja na kumi na mbili.

“Mama, samahani,” meneja akasema, “mchoro haubadilishwi hivyo. Lazima idhini itoke juu, halafu igongwe…”

“Muhuri. Najua, mwanangu. Uliposubiriwa mara ya mwisho tulikaa miaka kumi na tisa.” Nikaliweka daftari mbele yake, nimelifungua kwenye ukurasa wenyewe. “Soma. Kila kitu kimo humo, cha kila ukubwa wa transfoma tuliotengeneza. Maua usiyajali.”

Akasoma. Nikamwona anahesabu kwa midomo. Akageuza ukurasa, akarudi nyuma, akaukalia ukingo wa meza.

“Hii mlikuwa nayo muda wote?” akauliza.

“Ngoja.”

Chini ya mchoro palikuwa na nafasi tupu. Nikaandika kwa mwandiko wangu wa chuoni, wa herufi zilizosimama, ili asije mtu akasema haukusomeka: Mizunguko hii ilijulikana na chumba cha koili kwa miaka kumi na tisa. Siku ya makabidhiano nilijua kwamba mchoro una makosa, nikasaini kwamba umekamilika. Mpimaji aliyesaini vyeti hakuambiwa. Nikaweka tarehe, saini, na cheo changu cha zamani.

Binti yangu alisoma juu ya bega langu. Akanishika mkono, kalamu ikiwa bado imo ndani.

“Watakushtaki,” akanong'ona.

“Wanajua ninapokaa. Na wewe unakaa hapohapo.”

“Mama!”

“Nini? Watafika bila kupotea njia.”

Nyuma yetu palitulia. Tukageuka. Mume wangu alikuwa amekwenda moja kwa moja kwenye kona ya majaribio, ambako transfoma moja iliyorudishwa ilikuwa imewashwa. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Alikuwa ameweka ncha ya kijiti kwenye tangi, nyingine sikioni, na macho ameyafumba. Wasukaji walikuwa wameacha kazi wanamtazama. Koti lilimbana.

“Vipi?” nikamwuliza. Ndilo neno la kwanza nililomwambia tangu jikoni.

“Ina kifua,” akasema. “Maskini, inaumwa kweli.”

Alikuwa anatabasamu. Alikuwa amesimama pale anasikiliza kitu kibovu, na uso wake ulikuwa uso ambao sikuwa nimeuona tangu king'ora kilipolia mara ya mwisho. Nikageukia dirishani haraka.

“Unasuka mingapi ya ndani?” nikamwuliza yule dada wa kilemba.

“Arobaini na sita, mama.”

“Nani alikwambia?”

“Mchoro.”

“Niachie kiti, mwanangu.”

Akaniachia. Mashineni hatukai na pete, basi nikaivua yangu, na saa pia, nikampa binti yangu ashike. Meneja alifungua mdomo, akatazama daftari mikononi mwake, akaufunga. Nikakaa. Kiti walikuwa wamekishusha. Nikakipandisha mpaka kimo changu, nikaweka ncha ya waya mahali pake, nikarudisha kihesabu kwenye sifuri.

“Sogeeni wote watano,” nikasema. “Naanza.”

Nikakanyaga pedali.